Wiki ya sita kliniki, ngozi na kinywa navyo vikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu kliniki zetu za mama na mtoto, jambo ambalo halihitaji fungu jipya la bajeti wala mashine kutoka nje, bali macho ya muuguzi na dakika mbili za muda wake. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Ujiji. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewapokea watoto katika vituo vya mkoa wa Kigoma, na kwa kipindi kifupi Tabora, na katika miaka hiyo nimeviona vinyama vyekundu vya watoto wachanga na vya fizi za wajawazito mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa vyote hivyo nilikuwa na jibu moja: "Kitaisha chenyewe." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli usio na tarehe, na kukosa tarehe huko ndiko kulikoniadhibu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 binti yangu alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, mwenye uzito wa kilo 1.9. Nilimkagua mwenyewe kuanzia utosini hadi nyayoni, kama nilivyozoea kuwakagua watoto wa wenzangu, na ngozi yake ilikuwa safi. Katika wiki ya pili kikatokea kidoa kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto, mfano wa mahali palipoumwa na mbu. "Mama, hiki ni nini?" binti yangu akaniuliza. Nikamwambia ni alama ya kuzaliwa tu, nikasahau kwamba siku ya kuzaliwa hapakuwa na alama yoyote, na kwamba mtu wa kwanza kulijua hilo nilikuwa mimi.

Wiki ya sita ilipofika tulikwenda kliniki. Wasomaji wengi wanaijua siku hiyo: foleni ya kina mama na vitenge vyao, mizani ya kuning'iniza, mtoto anavuliwa nguo, analia, anapimwa uzito, anadondoshewa matone ya polio, anachomwa sindano pajani, na kadi inaandikwa tarehe ya kurudi. Kidoa kilikuwa kimefikia ukubwa wa punje ya kunde, chekundu, kimeinuka juu ya ngozi. Muuguzi kijana aliyekuwa mezani alikitazama, akafungua mdomo kuuliza, nami nikamkatiza kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo: "Kitaisha, mwanangu, usihangaike." Akaniheshimu, akanyamaza. Kwa hiyo lawama ya yaliyofuata siiweki mlangoni kwa kituo chochote.

Wiki ya kumi kilikuwa kama njugu mawe. Wiki ya kumi na mbili kikachanika katikati kikawa kidonda, na mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuongezeka uzito vizuri, akawa anashika chuchu, ananyonya mara mbili, anaachia na kulia. Waliokuja kututazama walikuja na ushauri, kila mmoja kwa nia njema. Mmoja alileta mawese ya kupaka, maana kwetu Kigoma hakuna ugonjwa ambao mawese hayajaupakwa. Mwingine alitaka kinyama kifungwe uzi kwenye shina mpaka kikauke na kudondoka. Bibi mmoja, tena ninayempenda, alimwuliza binti yangu kwa upole kama hakujikuna mdomo wakati wa kupatwa kwa mwezi akiwa na mimba. Binti yangu alilia usiku kucha kwa swali hilo kuliko alivyolilia kidonda.

Tulipewa rufaa, tukapanda basi la alfajiri kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hadi Mwanza. Daktari wa watoto aliyetupokea hakutugombeza. Alimtazama mtoto, akatuuliza kimeanza lini na kimekuaje, akatueleza kwamba kitu hicho kinaitwa hemanjioma ya watoto wachanga, kwamba si saratani, na kwamba kina dawa. Kisha akasema sentensi ambayo bado inaniuma: "Mama, mngekuja wiki ya tano au ya sita, pengine kidonda hiki tusingekiona."

Nieleze sasa yale ambayo nilipaswa kuyajua, na ambayo baada ya safari ile niliyasoma kwa miwani yangu na kwa msaada wa wajukuu wanaojua kutumia intaneti.

Hemanjioma ni uvimbe unaotokana na seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu, zinapoanza kuongezeka na kujenga mishipa mingi myembamba mahali pasipohitajika. Haiambukizi, haitokani na laana, na haina uhusiano na alichokula mama wala alichokigusa. Hutokea zaidi kwa watoto wa kike kuliko wa kiume, kwa waliozaliwa kabla ya wakati, kwa wenye uzito mdogo na kwa mapacha. Tafiti za nje, nyingi zikiwa zimefanywa kwa watoto wa Kizungu, hukadiria kwamba watoto wanne au watano kati ya kila mia huwa nayo. Kuna jambo moja ambalo kama mkunga lilinisimamisha: mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba seli za uvimbe huu hubeba protini ileile ambayo huonekana kwenye mishipa ya damu ya kondo la nyuma, na ambayo haionekani kwenye mishipa ya kawaida ya ngozi. Kwa nini iwe hivyo bado ni mjadala wa wataalamu. Mimi nimezika makondo mengi maishani, na sikuwahi kudhani kwamba chapa yake ingeonekana tena kwenye mdomo wa mtoto.

Tabia yake ndiyo inayotudanganya. Siku ya kuzaliwa mara nyingi haipo, au kuna kidoa hafifu tu ambacho hakimshtui mtu. Katika wiki chache za mwanzo huamka, na kasi yake kubwa kuliko zote ni kati ya wiki ya tano na ya nane. Sehemu kubwa ya ukuaji wake humalizika kabla ya mtoto kutimiza miezi mitano. Baada ya hapo hutulia, huanza kupauka na kulainika, na kwa watoto wengi kusinyaa huko hufikia mwisho wake wakiwa na umri wa karibu miaka minne. Ndiyo maana mkunga anayemwona mtoto wa miaka mitatu mwenye uvimbe uliopauka husema "Unaona? Nilikuambia", bila kukumbuka yale yaliyotokea katikati: ngozi iliyolegea, kovu la kidonda, jicho lililofunikwa na kope nzito wakati ubongo ulikuwa unajifunza kuona. Uvimbe huisha, lakini si kila ulichokiharibu hurudi.

Mhariri, naomba wasomaji walinganishe kalenda hiyo na kalenda yetu ya chanjo. Mtoto wa Tanzania hutarajiwa kliniki akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, kisha miezi tisa. Wiki ya sita imeangukia katikati kabisa ya kipindi ambacho hemanjioma inakimbia. Hatuhitaji kumwita mama siku nyingine, amekwisha kuja. Hatuhitaji kumvua mtoto nguo. Amekwisha kuvuliwa kwa ajili ya mizani. Kinachokosekana ni mtu kumgeuza huku na huku, kumtazama kichwani, usoni, mgongoni, sehemu za siri na ndani ya midomo, kisha kumwuliza mama kile alichokiona nyumbani. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani ya mwaka 2019 inataka mtoto mwenye hemanjioma ya hatari aonwe na mtaalamu akiwa na umri wa karibu mwezi mmoja. Sisi wa Kigoma, wenye mwendo wa siku nzima hadi kwa mtaalamu, tukianza kuuliza wiki ya kumi na nne tumeanza baada ya gari kuondoka.

Sisemi kila kidoa kipandishwe basi. Kilicho kidogo, mgongoni au pajani, kisicho na kidonda, kinaweza kuachwa na kufuatiliwa, na hapo ndipo "kitaisha" ni jibu sahihi, mradi mama aambiwe arudi lini. Vinavyotaka haraka ni vile vilivyo karibu na jicho, kwenye mdomo, kwenye ncha ya pua na kwenye sehemu zinazolowa mkojo, ambako vidonda hupenda kutokea. Vikubwa vya usoni huweza kufuatana na kasoro za mishipa ya kichwa na moyo. Vilivyotanda kwenye taya, kidevu na shingo, mahali ambapo mwanaume huota ndevu, wakati mwingine vina wenzao ndani ya koo, na mtoto akianza kukoroma anapovuta pumzi hiyo ni dharura ya saa ileile. Mtoto mwenye vitano au zaidi apimwe ini kwa ultrasaundi, na mwenye kikubwa kiunoni achunguzwe uti wa mgongo. Haya si mambo ya kukaririwa na kila mama. Yanatosha kuandikwa kwenye karatasi moja ukutani nyuma ya mizani.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu havitusaidii. Picha nyingi za kufundishia ni za watoto weupe, ambao kwao uvimbe huu huonekana mwekundu kama tunda. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi unaweza kuwa zambarau, hudhurungi, au mweusi tu kuliko ngozi inayouzunguka, na ule ulio chini zaidi hauna rangi kabisa isipokuwa kivuli cha buluu juu ya uvimbe laini wenye joto. Anayetafuta wekundu peke yake atapitwa. Kidole hujua zaidi kuliko jicho hapa: bonyeza taratibu, utahisi ulaini, na utaona rangi inapungua kisha kurudi.

Kuhusu dawa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni habari njema na ni ya hatari kwa wakati mmoja. Inaitwa propranololi, na haikuwa dawa ya ngozi hata kidogo. Ilitengenezwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya magonjwa ya moyo na James Black, Mskoti aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na wazee wengi wenye shinikizo la damu wameimeza bila kujua habari za watoto. Mwaka 2008 daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa taarifa kuhusu watoto wachache waliopewa dawa hiyo. Kwa wa kwanza ilikuwa ni kwa ajili ya moyo, na madaktari wakashangaa kuona siku iliyofuata hemanjioma imebadilika kutoka nyekundu iliyoiva hadi zambarau na kulainika. Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa, zenye madhara yake, au kisu. Mwaka 2015 matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 460 yalichapishwa: waliopewa dawa kwa kipimo cha juu kwa miezi sita, sita kati ya kila kumi walipona kabisa au karibu kabisa, ilhali kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha kutibu, walikuwa wanne tu kati ya mia. Kwa vidoa vidogo vya juu juu kuna timololi, ambayo ni matone ya macho ya wagonjwa wa presha ya jicho, na daktari anaweza kuagiza yapakwe juu ya ngozi.

Hatari yake ni hii. Kwa kuwa ni dawa ya siku nyingi na hupatikana kwa bei nafuu, naogopa msomaji mwenye haraka atakwenda duka la dawa, anunue kidonge cha mtu mzima cha miligramu 40, akisage na kumlambisha mtoto. Asifanye hivyo. Dawa hii hupunguza mapigo ya moyo, hubana njia ya hewa kwa mwenye pumu, na inaweza kushusha sukari ya damu ya mtoto aliyelala bila kunyonya mpaka akapoteza fahamu. Kipimo hukokotolewa kwa uzito wa mtoto, uzito ambao hubadilika kila mwezi. Dozi za kwanza hutolewa chini ya uangalizi, mtoto hupewa akiwa amenyonya, na siku anayotapika au kukataa ziwa dawa husitishwa. Mjukuu wangu alianza akiwa na wiki kumi na tatu, akaendelea hadi alipotimiza mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nahesabu saa za kunyonya kama nilivyokuwa nikihesabu mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

Nizungumzie pia vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina hilohilo la alama ya kuzaliwa ingawa ni vingine kabisa. Cha kwanza ni baka bapa, jekundu au zambarau, ambalo mtoto huzaliwa nalo, hukua kwa kadiri anavyokua na halifutiki. Likiwa kwenye paji la uso au kope huenda likafuatana na kifafa na presha ya jicho, kwa hiyo nalo lisiachwe bila daktari. Cha pili ni uvimbe wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, laini, wa buluu, unaopenda midomo na ulimi, ambao hujaa mtoto anapolia au anapoinama na kunywea anapotulia. Hizo si seli zinazoongezeka. Ni mishipa iliyojengwa vibaya tangu tumboni. Tofauti hiyo iliwekwa wazi mwaka 1982 na watafiti Mulliken na Glowacki wa Boston, Marekani, na mpaka leo ndiyo msingi wa kila tiba, kwa maana propranololi inayosinyaza hemanjioma haitaufanya lolote uvimbe wa vena, na kisu kinachoingia kwenye uvimbe wa vena bila maandalizi hukutana na damu isiyokatika kirahisi. Maswali mawili hutenganisha mengi: kilikuwepo siku ya kuzaliwa, na je, kinakua haraka kuliko mtoto?

Sasa niingie kwenye foleni ya pili ya kliniki, ile ya wajawazito, ambako kinyama hukaa kwenye ufizi. Huanza mara nyingi katikati ya mimba au mwishoni, kwenye fizi za mbele za juu, kati ya jino na jino: kitu chekundu, chenye shina, kinachotoa damu kwa kuguswa tu na mswaki. Chanzo ni mchanganyiko wa homoni za mimba na uchafu unaoganda kwenye meno. Hakimdhuru mtoto aliye tumboni. Tatizo ni kwamba mama akiona damu huacha kupiga mswaki upande huo, uchafu unaongezeka, ufizi unavimba zaidi, na kinyama kinapata chakula. Apige mswaki taratibu wala asiache, amwone daktari wa kinywa na meno asafishwe, na kama hakimsumbui sana asubiri ajifungue, kwa kuwa vingi husinyaa baada ya hapo. Kinachobaki huondolewa pamoja na mzizi wake na jino lisafishwe. Kikikatwa juu juu tu kama anayepunguza majani, hurudi.

Nilipokuwa Tabora nilimhudumia mama mmoja aliyekaa miezi miwili na kitambaa mdomoni. Majirani walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amekanyaga waya, yaani ana virusi vya Ukimwi, na mumewe alikuwa ameanza kulala kwa ndugu yake. Vipimo vyake vya kliniki vilikuwa safi tangu mwanzo, tena vimeandikwa kwenye kadi aliyoibeba kila mwezi, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia afungue kinywa. Wiki sita baada ya kujifungua nilimwona sokoni, anacheka na meno yote nje, kinyama kimebaki kama kichwa cha kiberiti. Namkumbuka kila ninapoona wajawazito wanapimwa presha, damu na mkojo, halafu wanaondoka bila mtu kuwatazama meno.

Kinyama cha aina hiyohiyo hutokea pia kwa watu ambao hawana mimba, kwenye kidole, mdomo au ulimi, wakati mwingine baada ya jeraha dogo: mwiba wa mchikichi, ndoana ya mvuvi, kucha iliyong'olewa. Hukua kwa wiki chache tu, huwa na utando unaong'aa na hutoka damu nyingi kwa kiasi kinachomtisha hata mtu mzima. Madaktari hukiita granuloma ya piojeniki, jina ambalo lina makosa mawili, maana si granuloma, yaani uvimbe wa seli za kinga, na hakina usaha ambao neno piojeniki linautaja. Wafaransa Poncet na Dor, waliokieleza mwaka 1897, walidhani ni fangasi wa farasi. Wakubwa wa sayansi walikosea jina, na sisi tunakosea kwa kukiita jipu, kwa sababu jipu hutumbuliwa. Anayekitumbua kinyama hiki hapati usaha, anapata damu ya kulowesha taulo. Dawa yake ni kukikwangua na kuunguza mzizi wake kwa ganzi, kazi fupi katika hospitali yenye vifaa.

Hata hivyo kipande kilichotolewa kisitupwe kwenye ndoo. Kipelekwe maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya nyama kwa hadubini, kwa sababu kuna saratani zinazovaa sura hiyohiyo. Katika nchi zetu ya kwanza kuikumbuka ni ile iliyoelezwa na daktari Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, ambayo huanza kama madoa ya zambarau kwenye miguu, kwenye kaakaa au kwenye fizi, na ambayo kwa wenye virusi vya Ukimwi hupungua sana dawa za kufubaza virusi zinapoanza mapema. Kuna pia saratani ya ngozi isiyo na weusi, ambayo kwenye kidole cha mkono au cha mguu hufanana na granuloma kwa kila kitu. Jicho la uzoefu haliwezi kuzitenganisha kila mara. Langu lilishindwa kwenye jambo rahisi kuliko hilo.

Ninachoomba ni hiki. Waganga wakuu wa wilaya za Kigoma na Tabora waweke ukaguzi wa ngozi na kinywa katika ziara ya wiki ya sita, kwa mstari mmoja unaoandikwa kwa mkono kwenye kadi ya mtoto kama kadi yenyewe haina nafasi: kipo au hakipo, kiko wapi, kina ukubwa gani, arudi lini. Muuguzi akikiona akipige picha kwa simu, kwa ridhaa ya mama, akiweka kando yake sarafu ya shilingi mia mbili, ili wiki mbili baadaye asiwepo wa kubishana kama kimekua. Picha hiyo imtangulie mtoto katika hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, na daktari wa huko aamue kama inatosha kuangaliwa hapo au iendelee mbele. Moshi kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi cha kanda yetu ya Afrika tangu mwaka 1992, na waliofundishwa hapo wako katika mikoa mingi. Kwenye foleni ya wajawazito, mwanga wa simu hiyohiyo unatosha kutazama fizi. Wazee wenzangu wa kazi, tuliostaafu na tunaoulizwa mitaani kabla ya daktari kuulizwa, tukisema "kitaisha" tuseme na siku ya kukitazama tena.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la kwanza. Ana kovu dogo kwenye mdomo wa chini ambalo huonekana anapotabasamu, na ameliita jina lake mwenyewe ambalo sitaliandika hapa. Mwaka jana nilirudi kwenye kituo kile kumtafuta muuguzi yule kijana ili nimwombe radhi kwa kumkatiza. Alinikumbuka. Nikamwuliza siku ile alitaka kusema nini, akajibu kwamba hakuwa na la kusema, alitaka kuuliza tu kama mtoto alizaliwa nacho.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma.